Kalunguyeye wa Kituo cha Treni

Mlango wa nyumba ya kina Urrutia ulipofunguliwa, kilichotupokea kwanza kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya manyoya ya bandia yaliyolowa jasho la mtu mzima, yakakaushwa kivulini, yakalowa tena. Na juu yake ilielea harufu nzito ya mole, mchuzi mweusi wa pilipili na kakao, uliokuwa ukichemka jikoni. Vazi la kalunguyeye lilitundikwa ukutani, mkabala na picha ya Bikira Maria, ulimi wake wa kitambaa chekundu ukining'inia hadi kifuani. Mama yangu, Doña Eudelia, aliyekuwa ameshika kwa mikono miwili sinia la jeli ya maziwa, aliinua pua kidogo, kisha akaishusha kwa adabu.

"Karibuni, karibuni," alisema Doña Mirta, mama yake mchumba wangu Fabián. "Mmechelewa. Huko kwenu Neza ni mbali, eti? Mimi sijawahi kufika."

"Ni mbali kwa anayetoka huku," mama akajibu. "Kwa sisi tunaotoka kule ni hapo tu."

Doña Mirta alilipokea sinia, akalitazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyechafuka, akaenda kuliweka juu ya mashine ya kufulia.

Kwa desturi yetu, siku ya kuombwa mkono, mguu wa upande wa mwanamume ndio unaotoka. Wazazi wake huja kwa kina mwanamke na kikapu cha mikate mitamu na chokoleti, wakabisha hodi, wakaeleza haja yao kabla ya kukalishwa. Sisi tuliitwa. Fabián alinieleza kuwa baba yake, Don Evodio, hawezi kutoka nje: koo lake limekufa, hewa ya barabarani amekatazwa. Nilikubali. Mwanamke wa umri wangu, mjane mwenye binti wa sekondari na kibanda cha vifungo na zipu sokoni, hujifunza kukubali mambo mengi na kuyapa jina la busara. Binti yangu Nayeli aliyapa jina jingine. "Mama, kumbe wewe ndiye unayeenda kuposa," aliniambia asubuhi ile, akakataa katakata kuvaa viatu vyake aje nasi.

Fabián alitoka chumbani akifunga kifungo cha shati, kifungo nilichokishona mimi mwenyewe, na moyo wangu ukafanya upumbavu wake wa kila siku. Sitasema uongo: nilimpenda. Nilipenda macho yake yenye usingizi, nikapenda jinsi alivyonitazama kana kwamba yeye ndiye aliyenisubiri miaka yote hiyo na mimi ndiye niliyechelewa. Hata hivyo kilichonishika tangu siku ya kwanza hakikuwa macho. Kilikuwa sauti.

Kila mtoto wa rika langu katika jiji letu alimjua Bonifacio, kalunguyeye mlinzi wa kituo kidogo cha treni. Katuni yenyewe ilichorwa nchi za mbali, lakini huku kwetu iliingizwa sauti za kwetu, na sauti ya Bonifacio ilikuwa ya Don Evodio Urrutia. Leo watu wanaikumbuka nusunusu. Huyu anaapa kuwa kofia ya Bonifacio ilikuwa ya kijani, yule anaapa ilikuwa nyekundu. Sisi tuliokuwa na televisheni isiyo na rangi hatukuwa na la kubishana. Kanda zilikwisha kufutwa, na juu yake yakarekodiwa mapambano ya ngumi. Kilichobaki vichwani mwetu ni taa ya kituo, reli zinazong'aa, na maneno aliyoyasema Bonifacio kila kipindi kilipokwisha: "Lala, mdogo wangu. Treni ya alfajiri nitaisubiri mimi."

Mama yangu alifanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha soksi. Nilikuwa na miaka saba. Mlango ulifungwa kwa nje, jirani akasikiliza ukutani, na mimi nikalazwa na kalunguyeye.

Basi siku Fabián aliposimama kwenye kibanda changu akitafuta vifungo vya manjano vya vazi lake la kumwigiza Bonifacio jukwaani, akaniinamia na kuyasema maneno yale kwa sauti ileile aliyorithi kwa baba yake, mikono yangu ilimwaga kopo zima la vifungo. Aliyaokota yote, kimoja kimoja, akiwa amepiga magoti. Mwanamke gani angepona?

Jambo moja tu lilikuwa likinikwaruza. Nilikuwa na hakika kwamba baada ya maneno yale palikuwa na maneno mengine, machache, ya chinichini. Bonifacio alifumba macho, lakini mdomo wake uliendelea kusogea. Nilimuuliza Fabián mara nyingi. Alicheka, akanibusu paji la uso.

"Alikuwa anapiga miayo, kipenzi. Umeota hayo mengine. Watoto huota."

Nami nilikwisha kuanza kuamini kwamba niliota.

Tukaketi mezani. Vyombo vyote vilikuwa na sura ya Bonifacio: sahani, vikombe, hata kijiti cha kuchokolea meno kilitoka tumboni mwake. Kitambaa cha meza cha plastiki kilinata kwenye viwiko. Mwisho wa meza aliketi Don Evodio, mzee mwembamba, shingo yake imezungushiwa skafu ya sufi kama mtoto aliyeandaliwa kwenda kwenye theluji, ingawa jua la mchana lilikuwa likichoma kwenye dirisha. Mbele yake palikuwa na bakuli la supu ya tambi. Kila alipofungua mdomo, hata kabla hajaufikisha kijiko, Doña Mirta aliupangusa kwa kitambaa.

"Yeye hali mole?" mama aliuliza.

"Pilipili itamuua. Na chumvi pia. Huyu sasa ni wa supu tu," alisema Doña Mirta. "Msimsemeshe, anachoka."

Mzee alinitazama. Yalikuwa macho ya Fabián, lakini hayakuwa na usingizi hata kidogo.

"Haya, Doña Eudelia," mwenye nyumba akaendelea huku akinipakulia paja la kuku lililoogelea katika mchuzi mweusi, "tuseme ukweli kama watu wazima. Mwanangu alikuwa na wachumba. Mmoja daktari wa meno. Mmoja baba yake ana kiwanda cha matofali. Nikamwambia, mwanangu, wewe ni mtu anayejulikana, mjane wa nini? Tena ana mtoto ambaye hata kuja kutuamkia hakuja."

"Mjukuu wangu viatu vinambana," mama alisema. "Vinambana akienda sehemu fulani fulani."

"Mama," Fabián alimkatiza mama yake, na hapohapo akaibadilisha sauti, ikawa nene, yenye vumbi na asali, "mdogo wangu, usigombane na wageni wa kituo."

Doña Mirta akacheka, hasira yake ikayeyuka. Ndivyo alivyofanya siku zote. Mhudumu akikasirika mkahawani, Bonifacio huzungumza. Askari wa barabarani akimsimamisha, Bonifacio huzungumza. Nami kila siku nilicheka. Siku ile nilimwona alivyolamba mole kwenye kidole gumba, akakinyonya mpaka kikatoa mlio, na kwa midomo ileile iliyokuwa bado inang'aa mafuta akaitoa sauti iliyonilaza nikiwa mtoto. Nikanywa maji.

"Nina habari," alisema, sasa kwa furaha. "Nilitaka nimwambie Yadira kwanza, lakini bora msikie wote. Pete hatutavishana hapa."

"Tutavishana wapi?" niliuliza.

"Kwenye Tamasha la Kumbukumbu. Jukwaani. Wameshakubali, mabango yanachapwa. Bonifacio anaposa. Wewe utakuwa Bi Kalunguyeye. Mama amekushonea vazi."

"Katuni haikuwa na Bi Kalunguyeye."

"Nani anakumbuka? Nusu yao hawakumbuki hata rangi ya kofia." Aliinuka, akarudi na gunia, akachomoa kichwa chenye kope ndefu za plastiki na midomo iliyopakwa rangi ya waridi. Manyoya yake yalikuwa yamekatwa kutoka kwenye vazi kuukuu la Fabián. Nilijua, kwa sababu harufu ilifika kabla ya kichwa. "Jaribu, kipenzi. Kidogo tu. Watu watalia, watapiga picha, kila anayetaka kupiga nasi picha atapanga foleni."

"Nitakuwa nimevaa hicho wakati unaniuliza?"

"Ndiyo utamu wenyewe."

"Na uso wangu utaonekana wapi?"

"Kuna wavu hapa mdomoni. Wewe utatuona vizuri tu."

Niligusa ndani ya kile kichwa. Palikuwa na unyevu. Sikutaka kujua ni unyevu wa nini, wala wa siku gani. Nilikirudisha juu ya gunia, nikajifuta vidole kwenye kitambaa, nikajifuta tena. Fabián alinitazama kwa macho yale niliyoyapenda, na kwa mara ya kwanza nikajiuliza ni nani hasa aliyekuwa akimtazama siku zote hizo: mimi, au mtoto wa miaka saba ambaye angelala kwa neno moja.

"Nina ombi," nilisema. "Nipo tayari kufikiria hata hilo vazi. Lakini maneno yasemwe yote. Yale ya mwisho pia."

Fabián akashusha pumzi. "Tumerudi kwenye miayo."

"Maneno gani?" aliuliza Doña Mirta, haraka kuliko ilivyohitajika.

"Yadira anadhani Bonifacio alisema kitu kingine baada ya treni ya alfajiri. Nimemwambia ameota. Aliachwa peke yake ndani, maskini. Mtoto akiachwa peke yake huota mengi."

Alisema hivyo mbele ya mama yangu. Sidhani alikusudia kumchoma. Hilo ndilo lililokuwa baya, kwamba hakuwa amemfikiria hata kidogo. Mama aliweka uma chini. Mikono yake ina makovu madogo ya sindano za mashine, nami nikaona inatafuta mahali pa kujificha chini ya meza, haipapati, ikarudi juu.

Kisha alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Alikiburuta kiti chake hadi mwisho wa meza, akaketi karibu na Don Evodio, magoti yao yakakaribiana.

"Doña Eudelia, nimesema anachoka," mwenye nyumba alionya.

"Sitamchosha. Nitasema mimi." Akamgeukia mzee. "Don Evodio, mimi nilikuchukia miaka mingi. Usiku nashona vidole vya soksi, nawaza, sasa hivi mwanangu yuko na wewe. Si na mimi. Na wewe sijui hata sura. Nikirudi asubuhi namkuta amelala, anatabasamu. Halii, hajakojoa, anatabasamu. Nikawa najiuliza, huyu bwana anamwambia nini mwanangu? Mimi niliporudi alikuwa haniambii. Alikuwa ameshasahau, anataka uji."

Mzee aliacha kula.

"Sauti yako imekufa, wameshaniambia, pole sana. Kwa hiyo tikisa kichwa tu. Palikuwa na maneno mengine, au mwanangu aliota kwa sababu nilimwacha peke yake?"

Ninaijua sura ya mtu anayeomba ruhusa, kwa kuwa nimeivaa sana. Don Evodio alimtazama mwanawe. Fabián, taratibu, bila kuacha kutabasamu, alitikisa kichwa: hapana. Doña Mirta akaunyanyua tena kile kitambaa, akakipeleka kwenye mdomo wa mumewe.

Mzee akaushika mkono wa mkewe hewani, akaurudisha mezani. Akaifungua skafu, mzunguko baada ya mzunguko, akaikunja, akaiweka kando ya bakuli.

"Hakuota," alisema.

Sikuwahi kuwa chumba kimoja na sauti ile. Ya Fabián ilikuwa picha yake iliyochapwa kwenye kikombe. Hii ilikuwa imezeeka, imepasuka pembeni, lakini ilipoingia masikioni mwangu mgongo wangu uliegemea kiti wenyewe, kama ulivyoegemea godoro wakati ule.

"Evodio," alisema Doña Mirta.

"Kwenye karatasi waliandika miayo," mzee aliendelea, akimwambia mama yangu peke yake. "Mnyama anapiga miayo, kipindi kinakwisha. Nikatazama mdomo, nikaona unasogea muda mrefu, unatosha maneno. Na mimi mama yangu alikuwa anafagia mabehewa usiku. Nikayatia. Hakuna aliyenizuia. Nilidhani wataniambia nifute."

"Yalikuwaje?" mama aliuliza.

Don Evodio alinigeukia mimi. Alifumba macho.

"Lala, mdogo wangu. Treni ya alfajiri nitaisubiri mimi." Akatulia palepale nilipokumbuka kwamba alitulia. Kisha, chini kabisa, kama mtu anayezungumza akiwa tayari ameegemea mto: "Mama yako yumo ndani yake."

Mama aliufunika mdomo wake kwa mikono yote miwili. Mimi sikulia. Nilimtazama Fabián, kwa sababu katika muda ule mfupi, wakati baba yake anatulia kabla ya maneno ya mwisho, nilikuwa nimeiona midomo yake. Ilikuwa imetangulia. Ilikuwa inayaunda maneno yale kabla mzee hajayasema.

"Uliyajua," nilisema.

"Kipenzi, tuliongee hili baadaye."

"Uliyajua siku zote. Nilikuuliza kwenye kibanda. Nilikuuliza kwenye treni. Nilikuuliza siku niliyokuwa na homa. Ukaniambia naota."

"Baba, tulikubaliana," Fabián alimwambia mzee, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyenyang'anywa kitu.

"Tulikubaliana," mzee alisema. "Uliniomba ninyamaze ili upate kazi. Baba huombwa mengi. Lakini hukuniambia kwamba utamdanganya mwanamke."

"Angeng'ang'ania jukwaa mpaka afe," Doña Mirta alitueleza sisi wageni, kana kwamba tungemhurumia. "Watu wakijua mzee bado anaongea, nani atamtaka mtoto? Na mtoto ana kazi gani nyingine? Nyamaza kidogo, umpishe mwanao, kuna ubaya gani? Anakula, analala, anaoshwa."

"Mzee mzima mmemfunga shingo kama kifurushi," mama alisema. "Na supu mmemnyima chumvi ili iwe nini, ushahidi?"

Nami nilipoitazama ile meza, sahani ile yenye uso unaocheka chini ya mifupa ya kuku, mchuzi ulioanza kuganda ukingoni na kufanya ngozi, kope za plastiki zinazotutazama kutoka juu ya gunia, nilihisi kinyaa ambacho sikuwahi kukihisi hata wakati wa mimba. Kilianza mdomoni, kikashuka. Walikuwa wamekichukua kitu kilichonishika mkono utotoni, wakakitia jasho lao, wakakitundika ukutani kichuruzike.

Fabián alikuja, akapiga magoti kando ya kiti changu, kama siku ile ya vifungo.

"Yadira, nisikilize. Yale maneno hayauziki. Niliyajaribu mara moja jukwaani. Watu walinyamaza. Kila mmoja akamkumbuka mama yake, wakaondoka wameinamisha vichwa, hakuna hata aliyetaka picha. Nikayaacha. Baadaye ukaja wewe unauliza. Ningekuambia nini? Ilikuwa rahisi kusema umeota."

"Rahisi kwa nani?"

"Nakupenda. Hilo si uongo."

Nilimtazama. Naweza kuapa kuwa palikuwa na ukweli fulani katika macho yale, na kwamba kama angetumia vizuri dakika ile, mimi ambaye nilikwisha kukubali mambo mengi ningelikubali na hilo. Moyo una aibu ndogo kuliko tunavyofikiri.

"Basi niombe," nilisema. "Sasa hivi, hapa, mbele ya mama yangu. Lakini kwa sauti yako mwenyewe, Fabián. Sijawahi kusikia unaniambia jambo kubwa kwa sauti yako. Siku uliyonitongoza alikuwa Bonifacio. Siku uliyoniomba msamaha kwa kunisahau mvuani alikuwa Bonifacio. Niombe wewe."

Alifungua mdomo. Mama yake alisogea mbele. Baba yake aliinamisha kichwa, kama fundi anayesikiliza mashine iliyo mbali. Niliona alama nyeusi ya mole kwenye jino lake la mbele. Nikaona anatafuta ndani, anatafuta, kama mtu aliyetia mkono mfukoni mwa koti la kuazima.

"Mdogo wangu," ikatoka ile sauti, yenye vumbi na asali, "njoo kwangu, kituo hiki ni chako…"

Nilisimama haraka hivi kwamba kiti kiliangusha gunia. Kile kichwa chenye kope kilibingirika, kikasimama miguuni pake, uso juu.

"Usiniguse," nilisema. "Nitatapika."

"Ilitoka yenyewe," alisema, na hapo, baada ya kuchelewa, nikaisikia sauti yake halisi. Ilikuwa sauti ya kawaida, nyembamba kidogo, ya mtu yeyote wa mtaa wa Portales. Ningeweza kuipenda. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: ningeweza kuipenda kabisa, laiti angenipa.

"Nimekusikia sasa," nilimwambia. "Lakini umetumia ile nyingine kwanza."

"Kwa hiyo unamwacha kwa sababu ya katuni," Doña Mirta alisema. "Mwanamke mzima. Nilimwambia mimi, ungechukua daktari wa meno."

"Bado hajachelewa, Doña Mirta," nilimjibu. "Yule angemtazama vizuri mdomo."

Mama alikuwa amesimama tayari. Alikwenda kwenye mashine ya kufulia, akarudi na sinia lake, akakata kipande kikubwa cha jeli kwa kijiko cha supu, akakiweka mbele ya mzee.

"Hii ni yako, Don Evodio. Ni laini, haitaki meno wala ruhusa."

"Ahsante, bibi," alisema mzee. Alionja. "Vanila."

"Na mdalasini kidogo."

"Naam. Nimeipata." Akamtazama kwa muda, akaongeza: "Nilikuwa sijui kama kuna mtu ameyasikia. Ukiwa kwenye kile chumba kuna kioo tu na mikrofoni. Unasema, halafu unaenda nyumbani."

"Yamesikika," mama akasema.

Kwetu huwezi kuondoka penye chakula bila kuwatakia waliobaki. Hata wezi, wakipita katikati ya meza za mkahawa na pochi ya mtu, husema. Nilifika mlangoni, chini ya ule ulimi mwekundu, nikageuka.

"Mle kwa afya," nilisema.

Fabián alikuwa bado amepiga magoti, kichwa cha Bi Kalunguyeye mbele yake. Alifungua mdomo, akaufunga. Nadhani hakujua ni yupi angetujibu. Aliyejibu ni baba yake.

"Mfike salama. Mirta, nipe chumvi."

Tulipofunga mlango bado nilimsikia, akirudia kwa utulivu neno hilo moja, kama mtu anayejaribu kiatu kipya sakafuni: chumvi, Mirta, chumvi.

Treni ya chini ya ardhi ilikuwa na watu wa Jumapili, wenye maputo na watoto waliolala mabegani. Tulipata viti viwili. Nilinusa mkono wa blauzi yangu. Ile harufu ilikuwa imenifuata. Nikaupandisha mkono wa nguo hadi kwenye kiwiko, nikaukunja, harufu ikabaki ndani.

"Ukifika uiloweke na siki," mama alisema bila kunitazama.

"Nitaitupa."

"Usitupe. Ni blauzi nzuri. Kosa si la blauzi."

Tulipita vituo kadhaa. Kifua changu kilikuwa kizito, na uzito huo ulikuwa wa Fabián, wa magoti yake sakafuni, wa vifungo vya manjano. Sikuutaka, nao haukuuliza. Nilifikiri jinsi nitakavyomweleza Nayeli, na jinsi atakavyojizuia kusema alichokuwa amekisema asubuhi, na kwamba kwa kujizuia huko nitajua amekua.

"Yadira," mama alisema. Vidole vyake vilikuwa vinachezea kitambaa kilichofunika sinia. "Kwa hiyo hukuwa unaogopa?"

"Mwanzoni kidogo. Halafu anayasema yale."

"Na wewe unaamini."

"Nilikuwa na miaka saba, mama. Kalunguyeye amesema umo kwenye treni. Basi umo. Nikalala."

Aligeuza uso kwenye dirisha, ingawa nje hapakuwa na chochote isipokuwa ukuta mweusi wa handaki na nyuso zetu mbili juu yake. Treni ilipunguza mwendo. Watu walianza kusimama.

"Nilikuwemo kweli," alisema. "Treni ya kwanza kabisa. Behewa la mbele, karibu na mlango, ili niwahi kushuka."